Hesabuni vizuri kabla ya kumwita njiti bubu

Mhariri,

Miaka kumi na sita nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya Jumapili kuhusu watoto njiti kuchelewa kusema, na ile picha ya kichanga kilichojaa mirija, imenishinda kunyamaza.

Mwanangu alizaliwa na wiki 29, yaani wiki 11 kabla ya siku zake. Mwandishi wenu anasema wanachelewa. Wanachelewa kwa hesabu ya nani? Mtoto kama huyo ukimhesabia kuanzia tarehe ya kuzaliwa, umemdhulumu miezi miwili na nusu. Mpaka afike miaka miwili, makuzi yake hupimwa kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Hilo nilielezwa wodini na muuguzi wa zamu ya usiku, huku akipiga miayo, nikaelewa.

Nilimpeleka kliniki akiwa na miezi 18. Dada wa mezani akafungua kadi, akahesabu kwa vidole, kisha akapaza sauti kama konda: "Mwaka na nusu hata 'mama' hasemi? Huyu ana udata, ulimi umefungwa kwa chini, mkamkate!" Foleni nzima ikageuka. Bibi mmoja nisiyemjua akamshika mwanangu kidevu ili amkague ulimi. Hakuna aliyeuliza mimba ilikuwa ya wiki ngapi. Hakuna aliyeuliza kama masikio yamewahi kupimwa, na huyu ni mtoto aliyelala wodini wiki saba, akawekwa chini ya taa kwa ajili ya umanjano, akachomwa dawa za maambukizi ambazo baadhi yake zinajulikana kudhuru usikivu. Asiyesikia atasema nini? Nilikwenda kumpima kwa hela yangu. Anasikia mpaka pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili.

Sikatai, wapo wanaochelewa kweli, na kadiri mtoto anavyowahi kuzaliwa ndivyo hatari inavyokua. Basi tuambieni la kufanya! Huko Rhode Island, Marekani, watafiti walirekodi sauti za wodini na kukuta kwamba njiti waliosikia maneno mengi ya watu wazima walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya lugha baadaye. Wodini kwetu mama akimwimbia mwanawe aliyembeba kifuani aliambiwa anapiga kelele. Televisheni ya ukutani hakuna aliyeigusa.

Na hizi shule za awali nazo! Mwaka huu, akiwa na miaka mitatu na nusu, mwanangu kafanyiwa usaili. Usaili, Mhariri, wa mtoto anayevaa viatu kinyume. Akaulizwa jina kwa Kiingereza. Akajibu kwa Kiswahili: jina lake, la baba yake, na kwamba kuku wetu ametotoa. Mwalimu akaandika: "Hajaanza kuongea." Fedha ya fomu hawakurudisha.

Ninachotaka ni muhuri. Kila kadi ya njiti igongwe, kwa wino mwekundu, tarehe mbili: aliyozaliwa na aliyotarajiwa. Wachonga mihuri wapo tele, hata mchango nitatoa. Ukibaki wino, mgongeeni na mwandishi wenu kwenye daftari lake.

Mama Njiti,
Morogoro