Barua kwa mwanangu: mkienda Alaska kwa meli, msikimbizane

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mwenzio na kwa wajukuu zangu. Ama baada ya salamu, nimeisoma ratiba uliyonitumia ya safari ya meli kwenda Alaska, na nimeona nikuandikie kabla hujalipa hata senti. Ratiba ni nzuri ila imejaa mno. Siku saba, bandari tatu, na kila bandari umepanga matembezi mawili, na huku mmoja wa watoto bado anavaa nepi. Watu huogopa baridi ya kule, lakini baridi dawa yake ni nguo. Kinachochosha ni haraka, na haraka huanza nyumbani, pale unapochagua tarehe, bandari ya kuondokea na chumba.

Tuanze na tarehe. Msimu wa meli kule ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba. Julai uliyoichagua ina joto kidogo kuliko miezi mingine, nyuzi 12 hadi 18 mchana, lakini ndio mwezi wa msongamano na bei ya juu. Mei na mwanzo wa Juni mvua ni chache, theluji bado imeshika vilele, na vyumba ni nafuu. Septemba mvua huzidi na bahari huanza kuchafuka. Nyangumi wapo Mei hadi Septemba, kwa hiyo hao wasikuumize kichwa. Dubu ndio wa kupangia: mkitaka kuwaona wakivua samoni mitoni, nendeni mwishoni mwa Julai au Agosti. Zile taa za kijani za angani usiwaahidi watoto, maana Juni jua la Juneau, mji mkuu wa Alaska, hukaa juu saa 18 hivi na usiku hauingii giza la kutosha. Chukua vibanio vya nguo vinne vya kubania mapazia yasiachie mwanya, la sivyo mdogo ataamka saa kumi alfajiri akidhani kumekucha, na kweli kumekucha.

Bandari ya kuondokea ndiyo ningependa uifikirie upya. Umeandika Seattle, Marekani, kwa sababu tiketi za ndege ni rahisi. Meli nyingi zinazotoka Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki iliyo wazi, na hapo ndipo mawimbi huwapata watu usiku wa kwanza, kabla hawajazoea. Zinazotoka mji wa Vancouver, Kanada, hupita ndani, kati ya kisiwa na bara, na maji huko hutulia sehemu kubwa ya njia. Kwa watoto wadogo, mimi ningelipa hiyo tofauti ya nauli ya ndege bila kujiuliza mara mbili. Ziko pia safari za njia moja, mnapanda Vancouver na kushukia Seward au Whittier, bandari za Alaska. Zinafika mbali zaidi, lakini zinakulazimu ndege ya kurudi kutoka mji mwingine kabisa na mizigo yote mkononi. Hizo ziache mpaka watoto wakue.

Usidhani kuondokea Seattle kutakuokoa na karatasi za Kanada. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za kigeni. Ndiyo maana safari za Seattle husimama Victoria, Kanada, mara nyingi jioni ya mwisho watu wakiwa wamechoka. Kwa hiyo kama pasi zenu zinadai viza, mtahitaji viza za nchi zote mbili popote mtakapopandia, na zote ziwe za kuingia zaidi ya mara moja. Anza na viza kabla ya malipo ya mwisho ya meli. Kampuni nyingi hutaka salio miezi mitatu hivi kabla ya safari, na baada ya hapo ukiahirisha unapoteza sehemu kubwa ya fedha.

Sheria hiyohiyo inamng'ata anayechelewa. Mtu aliyeachwa na meli Seattle hawezi tu kuruka kwa ndege hadi Juneau akapandie huko. Hapo itahesabika kuwa meli imembeba kutoka Juneau hadi Seattle, miji miwili ya Marekani, na kwa safari inayoanzia mji mmoja na kuishia mwingine, Victoria iko karibu mno kuhesabika kisheria. Faini hutozwa meli, na meli humsukumia abiria. Dawa ni moja: fikeni mjini siku moja kabla, mlale hotelini, ndege ichelewe inavyotaka. Fedha ya usiku huo usiifute kwenye bajeti hata ukibanwa. Futa matembezi kwanza.

Sasa chumba. Meli hupanda na kushuka kwa ncha zake, kwa hiyo katikati ya meli, sitaha za chini, ndipo panapotulia. Angalia ramani ya sitaha uone nini kiko juu na nini kiko chini ya chumba chenu. Juu pakiwa na bwawa, viti vitaburutwa alfajiri. Chini pakiwa na ukumbi wa muziki, ngoma mtaisikia mpaka usiku wa manane. Panapofaa ni vyumba juu na vyumba chini. Vyumba vya watu wanne huisha mapema sana, kwa sababu vitanda vya ziada huhesabiwa na nafasi za mashua za kuokolea za eneo lile. Unaweza kukiona chumba kitupu chenye vitanda vinne na mfumo ukakataa kuwapa. Weka nafasi miezi tisa hadi kumi na miwili kabla. Na kama kuna mahali pa kuongeza fedha, ongeza kwenye roshani. Mdogo akilala mchana, mmoja wenu anakaa nje na darubini na bado anaona kila kitu. Upande wa kulia au kushoto usikusumbue, maana mnarudi njia ileile mliyoendea.

Kabla ya kuchagua meli, soma ni mto upi wa barafu, yaani barafu nene inayoshuka polepole kutoka milimani, watakaowapeleka. Hapa matangazo huficha mengi. Hifadhi ya Glacier Bay huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na askari wa hifadhi hupanda melini asubuhi kueleza mnachokiona. Mkifika mbele ya mto wa barafu wa Margerie, meli husimama kama saa moja na kujigeuza taratibu ili pande zote mbili zione. Hamshuki, hampangi foleni, hamkimbilii basi. Kwa familia hiyo ndiyo siku bora ya safari nzima. Meli zisizo na kibali huenda kwenye mto wa barafu wa Hubbard, ambao uso wake ni mpana kama kilomita kumi, au Endicott Arm, ghuba nyembamba kati ya kuta za mawe. Napo ni pazuri, ila vipande vya barafu vikijaa njiani nahodha hugeuza meli mbali kabla hamjakaribia, na hakuna atakayekurudishia fedha.

Siku hiyo upepo hushuka kutoka kwenye barafu yenyewe na kuingia hadi kwenye mkono wa koti. Wavishe watoto dakika chache tu kabla ya kutoka, maana ndani ya meli ni joto na mtoto aliyevaa mapema hutokwa jasho, kisha jasho lile humgandisha nje. Mwonyeshe yule mkubwa namna ya kupima umbali: kipande cha barafu kikianguka baharini, mtaona maji yakiruka kwanza, mlio utafuata. Ahesabu sekunde. Kila tatu ni kilomita moja hivi. Atakuwa na kazi ya kufanya kwa saa nzima badala ya kuuliza kama muda umekwisha. Darubini ya 8×42, inayokuza mara nane, inatosha; yenye nguvu zaidi hutikisika mkononi na mtoto haoni kitu.

Bandarini, jambo moja kila mahali, basi. Juneau umeandika nyangumi na mto wa barafu wa Mendenhall siku moja. Chagua. Boti ya nyangumi huchukua saa tatu hadi nne ukihesabu na basi. Mendenhall uko kilomita ishirini hivi kutoka gatini, na njia ya miguu ya kwenda maporomoko ya Nugget, kilomita tatu na kidogo kwenda na kurudi, ni tambarare. Mkichagua Mendenhall, kateni tiketi za basi mapema, maana hata baada ya mji kuweka kikomo cha meli kubwa tano kwa siku kuanzia 2024, bado ni maelfu ya watu wanaoelekea sehemu moja. Skagway pandeni treni ya White Pass, reli iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa kukimbilia dhahabu. Ni kama saa tatu kwenda kileleni na kurudi, watoto wamekaa, na mkiwa mnapanda mandhari iko kushoto. Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo usilipie chochote cha gharama. Tembeeni Creek Street kwenye zile nyumba za mbao zilizosimama juu ya kijito, kisha mrudi melini kula. Helikopta na ndege za majini zifute kabisa. Mawingu huzifuta mara nyingi hata usipozifuta wewe, na mtoto aliyeahidiwa helikopta halipiki kwa kurudishiwa fedha.

Matembezi mkiyanunua kwa meli ni ghali zaidi, lakini yakichelewa meli husubiri. Ya mtu binafsi, haisubiri. Saa ya Alaska iko nyuma ya Vancouver kwa saa moja, na simu hubadilika wakati wake, meli nayo wakati wake. Mmoja wenu avae saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli, na muwe gatini saa nzima kabla ya muda wa kung'oa nanga, kwani mlango hufungwa kama nusu saa kabla.

Nguo: fulana za ndani za sufu au sintetiki mbili kila mtu, sweta mbili, koti moja la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, soksi za sufu jozi nne, viatu visivyopitisha maji, kofia ya sufu. Watoto waongezewe suruali ya mvua, na glovu jozi mbili kwa sababu moja itapotea. Pamba usiivae karibu na ngozi, ikilowa haikauki na hunyonya joto la mwili. Jinzi iliyolowa Ketchikan itakuwa bado mbichi Skagway. Lile koti nene la manyoya ya bata liache, likilowa halina kazi. Mwavuli pia, upepo utauvunja.

Kuhusu bahari kumlevya mtu: dawa hunywewa kabla, angalau saa moja. Tapishi likishaanza, kidonge hakikai tumboni. Dawa za watu wazima usimkatie mtoto nusu. Muulize daktari kipimo cha kila mmoja kwa uzito na umri, na zijaribuni nyumbani mwone kama zinawalaza. Kinachosambaa zaidi melini ni virusi vya tumbo, na ile jeli ya mikono haiviui vizuri. Sabuni na maji, kila mara kabla ya chakula. Bima iwe inayolipa kusafirishwa kwa dharura hadi hospitali, isome mstari huo kwa macho yako.

Fedha iliyojificha ni bakshishi. Kampuni nyingi hutoza dola 16 hadi 20 kwa kichwa kwa siku, mara nyingi mtoto wa nepi akiwemo, kwa hiyo kwa wanne siku saba ni dola 448 hadi 560. Iweke kwenye hesabu sasa. Simu zote ziwekwe hali ya ndege mara tu mnapopanda, maana mtandao wa simu wa meli hutoza bei ya kutisha bila kukuuliza.

Siku ya kupanda, masanduku mtayakabidhi gatini na yanaweza kufika chumbani jioni. Pasi, dawa, nepi, nguo za kuogelea na nguo moja ya kubadili zibaki begi la mkononi. Zoezi la dharura lifanyeni mapema muondokane nalo. Klabu ya watoto kwa kawaida hupokea kuanzia miaka mitatu, aliyeacha nepi, na mabwawa mengi hayamruhusu anayevaa nepi hata zile za kuogelea, basi kwa mdogo mtapeana zamu. Ekstensheni ya umeme itachukuliwa mlangoni kwa hofu ya moto. Beba chaji moja yenye matundu mengi ya USB. Usiku wa mwisho masanduku hutolewa nje ya mlango, na kila safari kuna baba anayeshuka na pajama kwa sababu alifungasha suruali zote. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa saba mchana.

Ukishapata namba ya chumba, usithibitishe. Nitumie kwanza pamoja na jina la meli, niitazame ramani ya sitaha.

Wasalaam,
Mama yako