VPN peke yake haitoshi, waelezeni watu na kuficha sura ya data

Ndugu mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya teknolojia iliyosema mtu akifungiwa mitandao adownload VPN yoyote (programu ya kupitisha data yako kwa siri kupitia seva ya mbali) basi kazi imeisha, mimi nasema hapo mmewaacha watu njiani. VPN ya kawaida inaficha unachosoma, haifichi kwamba unatumia VPN. Anayefunga mitandao siku hizi wala hahangaiki kusoma data yako ndani, anaangalia tu pakiti za mwanzo, yaani vipande vya kwanza vya data, pale simu yako na seva zinapotambulishana, kila aina ya VPN ina mwanzo wake, OpenVPN ina wake, WireGuard ina wake, akishaujua anakata. Ndo maana mtu anakwambia jana ilishika leo inazunguka tu.

Dawa yake ni hizi proksi, yaani seva za katikati, za kubadili sura ya data. Kwenye Tor, ule mtandao wa bure wa kuficha unakotoka, wanaziita madaraja na iliyozoeleka zaidi ni obfs4, inavuruga data yote mpaka inakuwa haina kichwa wala miguu. Halafu kuna hili, ukuta wa China wa kufunga mitandao ukiitilia shaka seva una tabia ya kuipigia wenyewe uone itajibu nini, sasa obfs4 usipokuwa na siri yake inakaa kimya. Ila msije mkaisifia kupita kiasi, maana Novemba 2021 China wakaanza kukata hata data isiyofanana na kitu chochote, yaani kule kutofanana na kitu ndo kukawa alama, na proksi nyingi za Shadowsocks, nazo za kuvuruga data, zikakwama hapo hapo. WebTunnel, daraja jingine la Tor lililotoka 2024, imepita njia tofauti kabisa, yenyewe inajifanya mtu kafungua tovuti ya kawaida ya HTTPS. Snowflake, nayo ya Tor, inapita kwa WebRTC, teknolojia ile ile ya simu za video kwenye brauza, kupitia kompyuta za watu wanaojitolea.

Sasa tuje kwenye kuseti, hapa ndo watu wengi wanakata tamaa na makala yenu haikugusa kabisa. Laini ya daraja, yaani mstari wa maandishi unaoubandika kwenye Tor ili iunganishe, inaanza na neno obfs4, inafuata anwani ya IP na poti, kisha utambulisho wa herufi na namba 40, kisha cert= yenye herufi 70, mwisho iat-mode. Watu wanatumiana WhatsApp, ikifika imekatika mistari miwili, au mtu anaona ile cert ndefu anadhani takataka anaifuta, kumbe siri yenyewe ndo hiyo! Iat-mode iacheni 0 kama ilivyokuja, 1 na 2 zinachezea ukubwa na muda wa pakiti lakini spidi inaumia.

Na saa jamani, saa. Obfs4 inahesabu muda ndani ya utambulisho wake, kompyuta ikipishana na seva masaa mawili matatu daraja linakukataa bila kukwambia kwa nini. Mtu ataapa saa yake iko sawa, na kweli ukiitazama iko sawa, ila eneo la saa limewekwa la nchi nyingine halafu yeye akasogeza mishale kwa mkono, kwa hiyo UTC ya ndani, ile saa ya dunia inayohesabiwa na kompyuta, ni uongo mtupu. Wekeni eneo sahihi kwanza, ndo mrekebishe saa.

Kwa anayeweza kufungua daraja lake mwenyewe kwenye seva ya nje, asitumie poti 9001, hiyo inajulikana dunia nzima kuwa ya Tor. Na asilibandike hadharani, maana wanaofunga nao wanasoma tunakosoma.

Jambo jingine mlilolipita haraka ni kwamba kubadili sura ya data siyo kujificha wewe. Ukitumia proksi ya bure ya mtu usiyemjua, mtoa huduma wako haoni unakoenda lakini mwenye seva anaona, sijui mbona hili haliandikwi. Tor angalau inapitisha data seva tatu. Na kuna nchi kutumia tu vitu hivi ni kosa, msomaji ajue sheria ya alipo kabla hajagusa.

Mkirudia mada hii andikeni basi na namna ya kupata madaraja, yapo ndani ya Tor Browser, brauza ya Tor yenyewe, kwenye settings sehemu ya Connection, unaomba palepale, na ikigoma unatuma barua pepe kwa bridges@torproject.org ukitumia barua pepe ya Gmail au ya Riseup, anwani nyingine hawajibu.

Msomaji wenu wa siku zote