Mbegu zako hazikuwa mfu

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba radhi, maana barua yangu ya mwisho ilijaa lawama tupu. Nilikuandikia kwamba kokwa za mchikichi ulizonipa ni mfu, na nikaapa kwamba Bi Rehema alikupa masalio. Leo nayafuta maneno hayo yote.

Kwa miezi mitano nilizimwagilia kitaluni bila kuona hata moja iliyochipua, ndipo kwa hasira nikaitupa nusu yake kwenye lundo la samadi. Juzi, nilipokuwa nikifukua samadi hiyo, nilizikuta tatu zimetoa kitone cheupe penye tundu la gamba, na mvuke ukipanda kutoka mle shimoni kama chungu kilichofunuliwa. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Nikachukua moja ya zile za kitaluni, nikaipasua kwa nyundo (kidole gumba changu kinakusalimu). Gamba ni gumu kama jiwe na lina vitundu vitatu mfano wa macho ya nazi, kila kimoja kimezibwa kwa nyuzinyuzi. Ndani mna kiini cheupe chenye mafuta, ambacho ndicho akiba ya chakula, na humo, mkabala na kitundu kimojawapo, kiinitete cha milimita 3 hivi kimejilaza, cheupe na kizima kabisa. Mbegu haikufa, Hamadi, ilikuwa imelala, na maji peke yake hayaiamshi.

Kinachoiamsha ni joto la muda mrefu. Wazalishaji wa miche huziweka mbegu zenye unyevu wa kadiri katika nyuzi joto 38 hadi 40 za sentigredi kwa siku 60 hadi 80, kisha huziloweka tena na kuziacha katika joto la kawaida, nazo huanza kuota muda si mrefu. Kumbe samadi ilifanya kazi iliyonishinda mimi na ndoo zangu zote za maji baridi!

Hizo tatu nimeshazipanda. Sizitii mbolea kwa sasa, kwa kuwa kiinitete hukuza ndani ya kiini kiungo kama sifongo, hostoria, kinachofyonza mafuta yale na kuulisha mche kwa majuma mengi. Ningependa kukiona kwa macho, ila siwezi kuipasua hata moja. Nimezifanyia ubaya wa kutosha.

Je, kile kipimajoto ulichokuwa ukitumia kuangulia vifaranga bado unacho, na unaweza kuniazima kwa miezi mitatu? Kokwa zako umebaki nazo ngapi? Uliyapasua magamba kama ulivyokusudia, au uliyaacha? Na Bi Rehema, amekwisha kusikia nilivyomsema?

Nijibu kabla sijaziloweka hizi zilizobaki.

Wako,
Salimu