Jumuiya ya Alhamisi: Mungu mwenye furaha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kesho saa 11 jioni tupo Pasua, nyumba ileile ya geti la bluu. Tunaendelea na 1 Timotheo 1:11. Biblia yetu inasema “Mungu ahimidiwaye”, ila neno la Kigiriki pale ni makarios, lilelile la Mathayo 5: “Heri walio maskini wa roho”. Yaani Mungu mwenyewe ana heri, ana furaha! Mimi nimekua nikimwaza amenuna tu, nakiri. Pitieni na Sefania 3:17, anatufurahia kwa kuimba. Hebu fikirieni, Mungu anaimba!

Mtori utakuwepo. Aliyebeba chupa yangu nyekundu ya chai wiki iliyopita aje nayo tafadhali, nyumbani wananiuliza kila asubuhi.