Vidonge vya kunenepa visiuzwe kiholela

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vidonge vya kunenepesha ambavyo wasichana wetu wanameza ili wasisemwe. Mwanamke akiwa mwembamba, kila shughuli anaulizwa kama anaumwa au mume hamlishi, akinenepa, amejiachia. Wanaouliza ni sisi wenyewe, mashangazi na majirani, tena kwa kicheko.

Baadhi ya wasichana hao hukimbilia deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio mkali. Uso hujaa kweli, na watu husifia. Lakini ikitumiwa muda mrefu bila daktari hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na hata kuiacha ghafla ni hatari.

Naishauri TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, ikague maduka yanayouza vidonge hivyo vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, bila jina wala maelezo. Dawa ya cheti iuzwe kwa cheti. Na makungwi wetu, ambao bibi harusi huwasikiliza kuliko daktari, walisemee jambo hili kwenye kitchen pati badala ya kumpima mwali kwa makalio.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam