Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024

Ndugu wanachama, hamjambo.

Mkutano uliopita niliwaahidi kwamba kila kijana wa klabu zetu za Jumamosi atakuwa amevimaliza vifungu vyote 30 vya Azimio la Haki za Binadamu, lile lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Ahadi hiyo sikuitimiza, wala sijutii sana. Kufikia Machi vijana wetu wa mtaa wa Mathare, Nairobi, walikuwa wakivikariri kama shairi la tamasha, huku wenzao wa nyuma wakisinzia.

Kilichowaamsha ni mtungi wa maji. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliingia na mtungi wa lita 20, akauliza: kwenu unajazwa kwa bei gani, nani huubeba, na amechelewa shule mara ngapi kwa sababu yake? Saa mbili zikaisha bila mtu kuchungulia simu. Hapo ndipo alipowafungulia Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya, kinachompa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Akawaonyesha pia kuwa Umoja wa Mataifa uliitambua haki hiyo tarehe 28 Julai 2010, mwezi mmoja tu kabla ya Katiba yetu kuzinduliwa. Binti mmoja akauliza, "Sasa tumdai nani, Gigiri ama kaunti?" Alimaanisha Umoja wa Mataifa, wenye ofisi zake Gigiri, ama serikali ya kaunti. Bado tunamjibu. Tangu siku hiyo somo letu huanzia mtaani, halafu ndipo linapanda kwenda duniani.

Mafuriko ya Aprili na Mei yalitufungia klabu kwa wiki kadhaa. Baadhi yenu mlipoteza vyombo, wengine nyumba, na poleni tena. Vijana waliporudi, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya mabadiliko ya tabianchi. Walitaka kujua kwa nini Afrika, inayotoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia, ndiyo inayosombwa. Nilikuwa karibu kuwakumbusha kuwa taka zilizoziba mitaro ni zetu wenyewe, wakanitangulia kulisema.

Kisha ikaja Juni na maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya. Najua tuligawanyika hapa, na wapo wazazi waliowatoa watoto wao klabuni. Kamati iliamua kutomwambia kijana yeyote aende au abaki nyumbani, ila asome Katiba yake: Kifungu cha 37, kinachomruhusu kuandamana kwa amani na bila silaha, na cha 49, kinachosema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, anaweza kunyamaza, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, hungojea siku ya mahakama inayofuata. "Kumbe ukishikwa Ijumaa jioni umekwisha," akasema mmoja. Tulicheka, ingawa hakuna aliyefurahi. Binafsi naona hilo ndilo somo bora tulilofundisha mwaka huu, na uamuzi ule ningeuchukua tena.

Ulitugharimu, lakini. Shule moja iliyokuwa ikituazima ukumbi ilitunyima ufunguo baada ya kusikia kwamba "tunafundisha watoto fujo". Tangu Agosti kundi moja linakutana chini ya mabati ya mwanachama wetu, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Langu ni moja tu: ada za nusu ya pili ya mwaka ziliingia kwa kusuasua, nasi tulilazimika kukopa nauli za walimu mifukoni mwetu. Waliodaiwa wanajijua.

Kabla hatujaingia kwenye uchaguzi, naomba yeyote mwenye jamaa kanisani, msikitini au kwenye jumba la kijamii anisogelee wakati wa chai. Tunahitaji chumba chenye dari, Jumamosi saa tatu hadi saa sita, kabla mvua za Machi hazijaanza.