Si kila maji ya kifuani ni kifua kikuu

Mhariri,

Mzee aliyekuwa fundi wa boila, wa meli au wa kukata mapaa ya asbesto akifika hospitali na maji upande mmoja wa kifua, aghalabu huanzishiwa dawa za TB bila uthibitisho. Sababu inaeleweka: TB ndiyo imetujaa, na vimelea kwenye maji hayo huwa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo. Lakini mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, huanza vivyo hivyo.

Nyuzi ndefu za asbesto zikifika kwenye utando, seli za ulinzi hujaribu kuzimeza, zikashindwa kwa urefu wake, zikabaki miaka zikimwaga kemikali zinazojeruhi seli jirani na kuharibu vinasaba kama BAP1, ambavyo huzuia seli kuzaana ovyo. Uvimbe huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Kwa hiyo kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani sasa hakusaidii kitu. Aulizwe kazi ya ujanani, na mama wa nyumbani aulizwe alikuwa akifua ovaroli za nani.

Kupima maji peke yake mara nyingi hakutoshi, maana seli za saratani hii hufanana na seli za kawaida za utando zilizochokozwa. Panahitajika kipande cha utando, kwa kamera ya kifuani au sindano inayoongozwa na ultrasaundi. Maji yakirudi licha ya dawa za TB, miezi 6 ya dozi hiyo isisubiriwe kwisha.

Tiba iliyozoeleka ya mesotelioma ni kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: pemetreksedi na sisplatini kila siku 21. Wiki moja kabla, mgonjwa achomwe vitamini B12 mikrogramu 1000, na aanze vitamini ya foliki mikrogramu 400 hadi 1000 kila siku (kile kidonge cha miligramu 5 kilichojaa madukani si kipimo hicho). Vikisahaulika, chembe nyeupe hushuka vibaya na mdomo hujaa vidonda. Ibuprofeni na diklofenaki za kujinunulia nazo ni hatari, hasa figo zikiwa dhaifu: pemetreksedi hubaki mwilini.

Nivolumabu na ipilimumabu, dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, ni bora kidogo. Katika utafiti wa 2020 nusu ya wagonjwa walivuka miezi 18, dhidi ya 14 kwa kemo. Bei yake kwa wengi wetu haikamatiki. Ila kukausha maji na kunyunyiza poda ya talki ili utando ushikane na ukuta wa kifua hakuhitaji dawa hizo ghali, na mgonjwa hupumua.

Daktari wa kifua,
Tanga